Siku 28 za Mwanzo
Mtoto akizaliwa na mgongo wazi Masisi au Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, wapo wanaotafuta mchawi. Afadhali wahesabu siku. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Foleti, vitamini iliyomo kwenye maharagwe na lengalenga, husaidia mrija huo kujifunga, ila mama aliyekimbia vita ameliacha shamba, na vidonge vya kliniki huja kwa kuchelewa.

Na baba je? Utafiti wa Lubumbashi uliochapishwa 2020 ulikuta kasoro za kuzaliwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi migodini. Kule ni shaba na kobalti. Kwetu madini ni mengine: Rubaya, Masisi, ni koltani; Bisie, Walikale, ni bati. Hata hivyo kliniki zetu zimuulize baba anachimba nini.