Meza Kubwa ya Kampala

Askari yeyote aliyewahi kulinda mkutano wa hadhara anajua kwamba wako watu wasemao kila siku, na wako wasemao mara moja tu. Kwa mpita njia tofauti hiyo ni jambo dogo. Katika nchi jirani ya Uganda ilionekana waziwazi, na kutoijali kuna gharama yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakazi wa Kampala walizoea kukutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa Club Obbligato, wakajadili mambo ya nchi yao mbele ya vipaza sauti vya Radio One. Mkutano huo waliuita ekimeeza, yaani meza kubwa. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, kwani meza ni ile ile. Imevuka mpaka tu, ikavikwa vazi la Kiganda. Vituo vingine vilifuata mfano huo. CBS, redio ya ufalme wa Buganda, iliupa mkutano wake jina la Kiswahili kitupu: Mambo Bado.

Utaratibu wa meza hiyo ulikuwa mwepesi. Aliyetaka kusema aliandikisha jina lake, akangoja zamu, akapewa dakika chache, na mwenyekiti akamkatisha muda ulipokwisha. Wabunge na wakereketwa wa vyama waliketi pamoja na wanafunzi na wafanya biashara ndogo ndogo. Wanawake walikuwa wachache kuliko wanaume, na hilo lilikuwa upungufu wa kweli. Lakini haukupita muda mrefu kabla ya wasikilizaji majumbani kuwatambua wasemaji kwa sauti zao. Walijua nani atasimama kuitetea serikali hata kama hakuna aliyeishambulia, nani atataja ufisadi hata mada ikiwa ni kilimo, na nani anatafuta makofi kwa sababu uchaguzi unakaribia. Mtu akizungumza kila wiki, mazoea yake humtangulia.

Hapo ndipo penye fundisho kwa mlinzi wa usalama. Ofisa anayetumwa kwenye mkutano wa namna hiyo, akaandika maneno bila kuandika mazoea ya msemaji, hurudi kwa mkuu wake na taarifa nusu. Yule aliyelaani kodi kwa ukali Jumamosi kumi mfululizo, kisha akanywa soda yake na kwenda nyumbani, hajafanya lolote ila kutumia haki yake, ambayo katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaja katika ibara ya 29. Kumkamata huyo ni kumpa umaarufu asiokuwa nao. Jambo la kutia wasiwasi ni jingine kabisa: mbishi wa siku zote anapoacha kuja, au kundi lililozoea kucheka na kuzomea linaponyamaza kimya. Kelele za barazani ni habari, na kimya nacho ni habari. Tena cha pili ni kigumu zaidi kukisoma.

Yawezekana kusema kwamba redio ni silaha, na katika eneo hili la Afrika hakuna awezaye kulikana hilo. Mwaka 1994 kituo cha RTLM kilichochea mauaji ya kimbari nchini Rwanda, hata kikatangaza majina ya watu wa kuuawa, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ikawatia hatiani waliohusika nacho. Lakini RTLM ilikuwa sauti ya upande mmoja. Aliyetukanwa humo hakupewa zamu ya kujibu. Katika meza ya Kampala mwongo alijibiwa saa ile ile, na jirani yake, mbele ya watu wote.

Serikali ya Uganda haikuwahi kuipenda sana meza hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2002 ilijaribu kuizuia, kwa hoja kwamba leseni za vituo ziliruhusu kutangaza kutoka studio tu. Mikutano iliendelea. Kisha ukaja Septemba 2009. Kabaka wa Buganda alikusudia kuzuru Kayunga. Ujumbe uliomtangulia ukazuiwa na polisi, na ghasia zikazuka Kampala na sehemu nyingine za Buganda. Kwa hesabu ya Human Rights Watch, watu wasiopungua 40 walikufa, wengine kwa risasi za vyombo vya usalama. Serikali ilivilaumu vituo vya redio kwa uchochezi, ikavifunga vinne, CBS ikiwa mmojawapo, na mikutano yote ya ekimeeza ikapigwa marufuku.

Kama kuna tangazo fulani lililowaita watu barabarani, sheria ilikuwa na njia ya kumfikisha mtangazaji huyo mahakamani kwa jina lake. Meza yote ilihukumiwa pamoja: mchochezi na mpatanishi, mropokaji na mtu aliyekuja siku moja tu kulalamikia barabara ya kijijini kwake. Pengine huyo wa mwisho ndiye aliyepoteza zaidi, maana wenye mazoea ya kusema hawakosi mahali pa kusemea.

CBS ilirudi hewani Oktoba 2010, baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Mambo Bado haikurudi nayo. Mazungumzo yalihamia vilabuni, sokoni na kwenye vijiwe vya bodaboda, ambako hakuna orodha ya majina, hakuna zamu, wala mwenyekiti wa kumwambia mtu muda wake umekwisha. Uvumi unaotoka huko haujibiwi na yeyote. Na askari anaposogea, watu wanabadili mazungumzo, wakaanza kuzungumza mpira.