MDOGO WAKO SHULENI NI AMANA

(Mawaidha kwa wazazi na wanafunzi wa sekondari baada ya Swala ya Magharibi)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Malik bin Huwayrith (R.A.) kwamba yeye na vijana wenzake wa rika moja walikwenda kwa Mtume (S.A.W.), wakakaa naye siku 20. Alipotambua kuwa wamewatamani watu wao, aliwaamuru warejee na wakawafundishe. Tuzingatie: hawa hawakuwa masheikh. Walikuwa vijana waliotangulia kidogo tu, na kule kutangulia kukawa wajibu juu yao.

Sasa tuziangalie shule zetu. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza hukuta Hisabati, Biolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Ikiwa ni shule ya bweni, ndiyo kwanza ameagana na mama yake. Je, waliotangulia humpokeaje? Humwita "njuka", humfulisha nguo, humtuma maji.

Nayasema haya nami si msafi. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa nikimtuma mdogo mmoja maji kabla ya Alfajiri. Akichelewa jamaa hukemewa mbele ya watu, nami nimekaa safu ya kwanza, kimya, udhu nimeutia kwa maji yake. Muhula wa pili hakurudi. Sikumwomba radhi, na hadi leo sijui nimtafute wapi. Na haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake.

Kwa hiyo nawausia wanafunzi wa kidato cha tatu na kuendelea: kila mmoja amshike mkono mmoja wa kidato cha kwanza. Nusu saa baada ya Alasiri yatosha. Amfafanulie maneno ya Kiingereza ya somo la siku hiyo, amsikilize Qur'ani yake, amuulize kama yupo anayemwonea. Wavulana kwa wavulana, wasichana kwa wasichana, mahali pa wazi, na mwalimu akijua. Asipokee malipo, hata ndoo moja ya maji. Jambo likimshinda, alifikishe kwa mwalimu wala asilifiche.

Asidhani kuwa anapoteza wakati wake. Somo analomweleza mwenziwe ndilo litakalokaa kifuani mwake.

Nanyi wazazi, muhula ukifungwa tumezoea kumwuliza mtoto, "Umekuwa wa ngapi?" Tumwulize pia, "Umemsaidia nani?"

Allah (S.W.) atusamehe tuliyowatendea wadogo zetu, na awajaalie vijana wetu kuwa kimbilio la wenzao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.