Watu Watano, Watu Sita: Habari za Makundi Madogo ya Muziki



Huku kwetu Singida upepo huvuma mchana kutwa juu ya majabali na juu ya Ziwa Singidani, na jioni utuliapo, sauti ndogo husikika mbali. Ni saa hiyo ambapo mzee mmoja, jirani wa chuo chetu cha ualimu, huitoa nje santuri yake ya kuzungushwa kwa mkono, akaiweka juu ya kigoda, akatuita. Sahani zake si nyingi, na baadhi zina mikwaruzo hata mwimbaji husikika kama mtu mwenye mafua. Lakini ndiyo mali yake, wala hakuna mtoto aruhusiwaye kuzigusa.

Jioni moja alituwekea sahani mbili, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya Siti binti Saad wa Unguja. Ya pili, aliyoachiwa na mtu wa reli aliyemtumikia zamani, ilikuwa ya muziki wa tango kutoka mji wa Buenos Aires, katika nchi ya Argentina. Zote mbili zilikuwa na picha ya yule mbwa anayetega sikio mbele ya pembe la santuri. Zilipokwisha, mzee akatuuliza, "Mwalimu, wale wa kwanza walikuwa wangapi? Na wale wa pili?"

Tulikuwa hatujahesabu. Sisi tuliolelewa na misheni tulifundishwa muziki kwa harmoniamu na kwaya ya sauti nne, na katika kwaya hakuna ahesabuye watu. Uzuri wake ni kwamba sauti themanini ziwe kama moja. Mzee akazirudisha sahani, tukahesabu kwa masikio. Mara ya kwanza tulikosa. Mara ya pili tuliwapata wa tango: walikuwa sita. Tangu jioni ile tumesoma na kuuliza habari za makundi hayo madogo, na hayo ndiyo tuliyokusudia kuwasimulia leo.

Tuanze na wa mbali, kwa kuwa habari zao ni nyepesi kueleza.

Tango ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika Buenos Aires na Montevideo, miji iliyo pande mbili za mto mpana uitwao La Plata. Ilikuwa ngoma ya mitaa ya maskini. Waitaliano na Wahispania waliohamia huko walikuta wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani, wenye ngoma yao iitwayo candombe, na muziki huu mpya ukachukua kitu kwa kila mmoja. Hapo mwanzo wapigaji walikuwa watatu au wanne tu, kwa fidla, filimbi na gitaa. Kisha kikaingia kinanda kutoka Ujerumani, bandoneoni, jamaa ya kodiani, kinachokunjuliwa juu ya goti. Husemwa kwamba Wajerumani walikitumia katika makanisa madogo yasiyoweza kununua kinanda kikubwa. Kama ndivyo, basi kilitoka kanisani kikaingia vilabuni, nasi wanafunzi wa harmoniamu twaisikia habari hiyo kwa kutabasamu kidogo.

Kufikia miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha kuwa desturi kwamba kundi kamili ni watu sita: bandoneoni mbili, fidla mbili, piano, na ile fidla kubwa ya besi isimamayo kwa kimo cha mtu. Kundi lililotia fora ni lile la Julio De Caro, lililoanza mwaka 1924. Ndugu watatu walikuwamo: Julio na Emilio kwenye fidla, na Francisco kwenye piano. Bandoneoni zilipigwa na Pedro Maffia na Luis Petrucelli, na baadaye Pedro Laurenz akashika mahali pa Petrucelli. Besi ilikuwa mikononi mwa Leopoldo Thompson, mtu wa asili ya Kiafrika, ambaye hakuipiga kwa upinde na vidole tu, bali aliigonga ubavuni kwa kiganja, kana kwamba kulikuwa na ngoma iliyofichwa ndani yake. Thompson alifariki mwaka 1925, kundi lingali changa.

Kabla yao, wapigaji wengi wa tango walikwenda pamoja kama ng'ombe waendao mtoni, wote njia moja. De Caro alipunguza mwendo na kumpa kila mtu zamu ya kusema. Fidla ikisema, bandoneoni huishikilia kwa chini. Bandoneoni mbili zikianza kujibizana, piano hupita katikati kama mtu anayepatanisha. Mambo hayo waliyaandika kwa noti na kuyafanyia mazoezi. Julio mwenyewe alikuwa na fidla ya ajabu yenye pembe la bati ubavuni, ili sauti yake ipenye wakati wa kutia muziki katika sahani.

Baba yao alikuwa Mwitaliano mwenye chuo cha muziki, mtu wa heshima. Alitaka Julio awe daktari na Francisco awe mwanasheria, na tango aliiona kuwa aibu. Hakuwa peke yake. Mwaka 1914 askofu mkuu wa Paris aliwakataza waumini wake kuicheza. Mzee De Caro alipopata hakika kwamba mwanawe anapiga muziki huo, alimfukuza nyumbani. Habari hii tuliisoma mara mbili, na sababu yake tutaieleza baadaye.

Liko kundi jingine la watu sita ambalo twalisikitikia zaidi. Ni la Elvino Vardaro, lililoanza mwaka 1933. Waliolisikia walisema lilizidi yote, na katika wapigaji wake alikuwamo kijana Aníbal Troilo, aliyekuja kuwa bwana mkubwa wa bandoneoni. Lakini wenye makampuni ya santuri waliona muziki ule hautauzika, wakakataa kuutoa. Imebaki sahani moja tu ya majaribio, ya wimbo uitwao Tigre viejo. Watu sita, kazi ya jioni nyingi, na kilichobaki ni dakika chache. Na mwaka 1935 Juan D'Arienzo akatokea na bendi yenye mapigo makali ya kuchezwa, vijana wakamfuata, bendi zikaongezeka watu, safu ya fidla hapa na safu ya bandoneoni pale, na zama za watu sita zikapita.

Sasa turudi kwetu.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa wa asili ya Wanyamwezi, majirani zetu wa magharibi, na mama yake Mzigua. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa, na wasikilizaji wetu hawahitaji kufasiriwa maana yake. Mama yake alifinyanga vyungu, naye binti akavichukua kichwani kwenda kuviuza mjini, akivinadi kwa sauti. Nasi twaamini kwamba hapo ndipo koo lake lilipopata mafunzo ya kwanza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba na Ali Muhsin, mtu wa chama cha Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905.

Wakati huo taarabu ilikuwa mali ya majumba makubwa. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja toka 1870 hata 1888, ndiye aliyeleta wapigaji kutoka Misri, tena akampeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo ajifunze kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi kilazwacho mapajani. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, na wengi waliozisikiliza hawakuzielewa. Siti na wenzake waliimba Kiswahili. Wenzake hao walikuwa wanaume wanne: Subeti Ambari, Mbaruk Talsam wa Mombasa, Buda bin Swedi, na Mwalimu Shaaban, ambaye sisi walimu twampenda zaidi kwa ajili ya jina lake. Udi, fidla na ngoma ndogo ya mkono ndizo zilizomzunguka Siti. Walikusanyika nyumbani kwake Ng'ambo kufanya mazoezi jioni baada ya jioni, na watu wa mtaa walikaa nje wakisikiliza bure.

Wasikilizaji wasidhani kwamba nyimbo zao zilikuwa za mapenzi tu. Kuna wimbo wao uitwao Kijiti, uliotungwa juu ya jambo lililotukia. Mtu wa jina hilo alimwua mwanamke mgeni aliyetoka bara, kisha akavuka bahari akatoroka. Walioletwa mbele ya hakimu kutoa ushahidi wakajikuta wao ndio waliofungwa, kwa sababu ya pombe iliyonywewa usiku ule. Magazeti ya wakati ule hayakuwa ya watu wa Ng'ambo. Gazeti lao lilikuwa Siti, udi na fidla. Mtu asiyejua kusoma aliijua kesi ile kuanzia mwanzo hadi hukumu, na aliijua pamoja na hasira yake.

Mwaka 1928 wakasafiri kwa meli mpaka Bombay, Bara Hindi, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni yenye ile picha ya mbwa. Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kutiwa katika santuri. Sahani zikauzwa pwani na bara, hata makampuni mengine, Odeon na Columbia, yakakimbilia kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Angalieni miaka, wasikilizaji. Miaka ile ile De Caro na wenzake walipokuwa wakiimba kwa nyuzi upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, watu hawa watano walikuwa wakifanya kazi iyo hiyo kwetu. Hawakujuana hata kidogo. Na mwisho wao ulifanana vilevile, kwani filamu za Misri zilipofika, masikio ya watu yakataka safu za fidla na kodiani na besi, na vyama vya Unguja vikakua hata kufikia watu ishirini na zaidi. Taarabu hiyo ni nzuri, wala hatuisemi vibaya. Ila ndani yake hutaweza kuhesabu kwa sikio.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliwahi kuzungumza naye kabla hajafa, akaandika wasifu wake. Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza, aliziimba nyimbo zake mpaka alipofariki mwaka 2013. Lakini wale wanne? Majina yao twayatamka leo kwa makusudi, kwa sababu mtu akisema "santuri ya Siti" huwa amekwisha kuwasahau. Tuliwauliza wanafunzi wetu sitini darasani ni nani amjuaye Subeti Ambari. Hakuinuka mkono hata mmoja, na haki yao, kwa kuwa hata sisi tulikuwa hatumjui mwaka uliotangulia.

Sasa tueleze kwa nini tulisoma mara mbili habari za mzee De Caro.

Miaka michache iliyopita alikuja kwetu mwanafunzi mmoja, kijana Mnyaturu, mpole, mwenye gitaa alilolitengeneza mwenyewe kwa debe na waya. Pamoja naye walikuwa wenzake watatu, mmoja akiwa na zeze la jirani zetu Wagogo. Waliomba chumba kimoja saa za jioni ili wafanye mazoezi. Sisi ndio tuliokuwa na ufunguo. Tukawajibu kwamba chuo kina kwaya, na kwaya inawatosha; kwamba mwalimu apigaye gitaa atakuwa mwalimu wa vilabu vya pombe; na kwamba wazazi hawakuuza ng'ombe ili watoto wao waje kuchezea debe. Kijana hakubishana. Alisema, "Ndiyo, Mwalimu," akainama, akatoka. Baadaye tulisikia kwamba debe lile lilirudi jikoni kutekea maji.

Tulidhani tumelinda heshima ya chuo. Huenda tuliilinda. Lakini baada ya ile jioni ya sahani mbili hatukuweza tena kuiona kwaya yetu ya watu themanini bila kujiuliza ni yupi kati yao asiyepata kusikiwa peke yake, wala hatukuweza kumsahau Vardaro na dakika zake chache. Kundi dogo halimfichi mtu. Asiyejifunza sehemu yake husikika mara moja, na akifanya vema husikika vilevile. Walimu tunaowatuma mashuleni huko Iramba na Manyoni, kila mmoja atasimama peke yake mbele ya darasa. Hatujui ni mazoezi gani mengine yangewafaa kuliko hayo.

Tulimwandikia kijana yule katika shule anakofundisha, tukamwomba radhi. Si desturi ya mwalimu kumwandikia mwanafunzi wake barua ya namna hiyo, na kalamu ilikuwa nzito. Alijibu kwa ukurasa mmoja. Alisema hana kinyongo, kwamba gitaa lilikuwa baya kwa kweli, na kwamba sasa ana watoto saba wa darasa la nne wanaopiga marimba aliyowachongea. Mwisho wa barua aliuliza kama ule ufunguo bado tunao.

Bado tunao, ila Alhamisi jioni huwa hatunao. Wako wanafunzi watano wanaoutumia, wasichana wawili na wavulana watatu, katika chumba cha ghala nyuma ya maktaba. Wana gitaa mbili, zeze moja na ngoma. Besi hawana; wamefunga kamba juu ya sanduku la chai na mpini wa jembe, na huyo wa sanduku ndiye asikikaye mpaka nyumbani kwa mzee wa santuri. Wiki iliyopita mzee alituma mjukuu wake kuuliza kama tumeongeza mtu, maana yeye amehesabu sita. Tukamjibu kwamba ni watano. Wa sita ni mlango wa ghala, ambao upepo huupigapiga, nao hawajapata bado njia ya kuuzuia.