Mtoto na Mbwa wa Nyumbani: Maneno kwa Wazazi wa Kata



Usiku mbwa hulinda nyumba zetu. Mchana mlezi wake mara nyingi ni mtoto. Ndiye ampelekaye maji na makombo, basi ndiye wa kufundishwa kwanza.

Tumfundishe kwamba mbwa hasumbuliwi anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Akikutana na mbwa asiyemfahamu, asikimbie wala asimkazie macho. Asimame kimya hadi mbwa apite.

Tumfundishe pia kusema. Mtoto anayeogopa fimbo huficha jeraha, na ukimya huo huweza kumuua, kwa kuwa kichaa cha mbwa, dalili zikishajitokeza, hakina tiba. Aking'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mbwa naye achanjwe kila mwaka. Muoneni afisa mifugo wa kata. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa Septemba 28, lakini tusiingojee. Leo jioni mwambieni mtoto: "Ukiumwa na mbwa, njoo useme, hutapigwa."