Rangi Haizibi Ufa



Juma hili nataka tuzungumze juu ya baiskeli. Sina maana ya baiskeli mpya zinazopangwa mbele ya maduka, zikiwa bado zimeviringishiwa karatasi kwenye fremu. Nataka kuizungumzia baiskeli ambayo haipo katika duka lolote, ile ambayo mtu anaiunda mwenyewe uani kwake kwa fremu aliyoikuta nyuma ya banda la kuku, ringi aliyoinunua kwa fundi na usukani aliopewa na jirani. Ni kazi ya kujifurahisha, ya jioni na ya Jumapili. Lakini mwishoni nina jambo la kuungama, na hilo hasa ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti.

Mimi si fundi. Kazi iliyonilisha mimi na jamaa yangu ni ya kalamu na karatasi. Ila ninaishi Tanga, mji wa ardhi tambarare, ambao watu wake, wake kwa waume, wamezoea baiskeli tangu zamani. Simama Ngamiani asubuhi utamwona muuza samaki, mwalimu, mama anayekwenda sokoni na mwanafunzi, wote juu ya magurudumu mawili. Na mahali penye baiskeli nyingi zinazotembea hapakosi nyingine nyingi zilizokwisha kufa.

Mapenzi haya yalinianza siku moja nilipomkuta mnunuzi wa vyuma chakavu mlangoni kwa jirani yangu. Mkononi alikuwa na mizani, na kwenye mizani ilining'inia fremu ya Raleigh, ile ya zamani ya mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa viungio na kulehemiwa kwa shaba. Ilikuwa inapimwa kwa kilo, pamoja na sufuria lililotoboka na kipande cha bati. Nikamwuliza jirani, "Mzee mwenzangu, hii si ndiyo uliyokuwa ukiendea kazini?" Akanijibu, "Ndiyo hiyo, lakini imekwisha."

Niliitazama. Mabomba yalikuwa yamenyooka na viungio vilikuwa vizima, ila kutu ilikuwa imekula rangi tu. Nikampa yule mnunuzi bei yake ya kilo na kitu kidogo juu yake, nikaenda nayo nyumbani. Mke wangu aliponiona alicheka, akaniuliza kama nimeanza biashara ya chuma chakavu uzeeni.

Ilinichukua muda wa miezi mitatu kuifufua. Usukani ulitoka kwenye Phoenix ya China, gurudumu la nyuma kwenye Hero ya India, na karia kwenye Swala, baiskeli iliyokuwa ikitengenezwa hapa hapa nchini. Kengele niliipata bure. Siku niliyoipanda mpaka Raskazone, watoto walinikimbilia wakiuliza ni baiskeli ya kampuni gani. Niliwajibu kwamba ni ya kampuni yangu.

Ndugu wasikilizaji, msidhani kwamba kazi hii ni ya kuokota chochote na kukifunga popote. Vipuri vya baiskeli vinafanana kwa macho tu. Chukua mfano wa gurudumu. Ringi za baiskeli hizi za zamani zina matundu 32 mbele na 40 nyuma. Baiskeli nyingi za siku hizi zina 36 mbele na 36 nyuma. Ukipata habu nzuri, yaani kile kitovu cha gurudumu, yenye matundu 36, na ringi nzuri yenye 40, unavyo vitu viwili vizuri ambavyo havitaoana kamwe.

Hali kadhalika ukubwa. Fundi akikwambia gurudumu ni la inchi 26, mwulize ni 26 ipi. Ziko za zamani ambazo tairi yake hukaa kwenye ringi ya milimita 590, na ziko za zile baiskeli za matairi mapana, ambazo hukaa kwenye ringi ya milimita 559. Zote huitwa 26, lakini tairi ya moja haivaliki katika nyingine. Kwa bahati nzuri matairi mengi yameandikwa ubavuni namba hizo za milimita. Zisomeni kabla ya kutoa fedha.

Tena kuna pedali. Pedali ya kulia hukazwa kama parafujo yoyote, bali ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume. Mtu asiyejua hutumia nguvu, akaharibu hesi za krenki iliyodumu miaka 40, halafu akalaumu Wachina.

Raha yenyewe hasa ni kwamba unaweza kuiunda baiskeli kwa kumpima mtu, kama fundi cherehani anavyoshona suruali. Muuza samaki anayebeba tenga zito anahitaji wepesi wa kusukuma. Mwekee meno 44 mbele na 22 nyuma, na kila anapozungusha pedali mara moja gurudumu litazunguka mara mbili tu, naye hatahema. Kijana asiye na mzigo mwekee 48 mbele na 18 nyuma, gurudumu lake litazunguka mara mbili na zaidi ya nusu, naye atakwenda kasi apendavyo. Baiskeli ya dukani haimjui mwenyewe, lakini hii yako unaiunda ukimjua atakayeipanda.

Wako watakaosema kwamba huu ni mchezo wa watu wasio na kazi. Nawakumbusha habari za John Boyd Dunlop. Alikuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, hakuwa fundi wa baiskeli. Alianza kwa kumtengenezea mwanawe matairi ya upepo ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, na mwaka 1888 akapata hati ya kuumiliki uvumbuzi huo. Leo dunia nzima inatembea juu ya upepo.

Nitatoa mfano wa pili, na huu naomba muushike, maana nitaurudia. Mwaka 1993 Mskoti mmoja aitwaye Graeme Obree alikusudia kuvunja rekodi ya dunia ya mwendo wa saa moja. Alikuwa ameiunda baiskeli yake kwa mikono yake mwenyewe, na mahali pa kuzungukia krenki alitia beringi alizozitoa katika mashine ya kufulia nguo. Tarehe 16 Julai, huko Hamar nchini Norway, alijaribu kwa baiskeli nyingine iliyotengenezwa kwa kuiga ile yake. Akashindwa. Kesho yake akaipanda ile kuukuu, akaenda kilomita 51.596 katika saa moja, na kuipita rekodi ya Francesco Moser wa Italia ya kilomita 51.151 iliyokuwa imesimama tangu 1984. Siku sita baadaye Mwingereza Chris Boardman akaipita ya kwake, lakini sifa ya yule mtu haikufutika.

Watu wengi wakisimulia habari hii husifu ule umaskini wake, kwamba alitumia takataka akashinda. Mimi naona jambo jingine. Ngoma ya mashine ya kufulia huzunguka kwa kasi ambayo hakuna miguu ya binadamu inayoweza kuifikia. Kwa hiyo beringi ile, japo ilikuwa imetolewa kwenye mashine, ilikuwa na nguvu zaidi ya kazi iliyokuwa inaingojea. Kwenye kipuri kikuukuu swali si kimetoka wapi wala kinapendeza namna gani. Swali ni hili: je, kinaiweza kazi ninayokipa?

Swali hilo mimi sikuliuliza, na sasa nafika kwenye lile la kuungama.

Baada ya ile ya kwanza niliunda ya pili, na ya tatu. Sifa zikaenea mtaani, na waswahili walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dada yangu ana kijana aliyekuwa amechaguliwa kuingia sekondari, na shule ilikuwa mbali na kwao. Nikasema mbele ya watu wote, "Huyu mpwa wangu hatakwenda kwa miguu. Mjomba wake nipo."

Nilipata fremu nzuri na magurudumu mazuri. Uma wa mbele nilioupata ulikuwa umelingana na fremu ile sawasawa, kama ulizaliwa nayo. Nilipousugua kwa msasa, nikaona shingoni, pale unapoingia kwenye fremu, ufa mwembamba kama unywele. Niliuona kwa macho yangu. Nilikaa nao mkononi kwa muda. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, uma mwingine sikuwa nao, na ahadi nilikwisha kuitoa. Nikajiambia kwamba ni mkwaruzo. Nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikapaka nyekundu mara mbili, nikachora na mistari ya dhahabu pembeni. Kwa uzuri, ile ilishinda zote nilizopata kuziunda.

Ilidumu majuma saba. Siku ya saba ya juma la saba kijana alikuwa amempakia mdogo wake wa kike kwenye karia. Gurudumu likaingia katika shimo dogo, shimo ambalo baiskeli zote za mtaa ule hulipita kila siku, na uma ukakatika shingoni. Kijana alivunjika mfupa wa bega na meno mawili ya mbele. Yule mtoto, namshukuru Mungu, aliangukia majanini.

Pale hospitali dada yangu hakupiga kelele. Alikuwa ameubeba ule uma ndani ya kanga. Akaufunua, akanionyesha palipokatika. Nusu ya chuma ilikuwa inang'aa, maana ndiyo iliyokatika siku ile. Nusu ya pili ilikuwa nyeusi kwa kutu ya zamani, na juu yake, ndani kabisa ya ufa, ilikuwa imeingia rangi nyekundu. Akaniuliza, "Kaka, ulikuwa unajua?"

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba kwa rangi, nikadhani nimeuziba. Nilimjibu dada yangu kwamba nilijua. Hakusema nami kwa muda mrefu, na alikuwa na haki.

Sikuacha kazi hii, ila nimebadili namna ya kuifanya, na haya ndiyo ninayotaka kuwaachia ninyi mnaoipenda, na ninyi mafundi mnaoishi kwayo.

Viko vipuri ambavyo uzee si kosa kwake: fremu iliyonyooka, habu, krenki, karia, madigadi, kengele. Hivi vitafuteni, vitunzeni, wala msiwaachie wenye mizani wavipeleke kuyeyushwa. Lakini viko ambavyo nimeapa kutovisamehe. Uma wenye ufa, hata kama ni wa unywele, sichomelei wala sipaki rangi. Naukata vipande viwili siku hiyo hiyo, ili asije mwingine akaushawishika kama nilivyoshawishika mimi. Raba za breki na waya wake hununua mpya daima. Tairi inayoonyesha nyuzi inakwenda jaani. Cheni naipima. Katika cheni mpya viungo 24 huwa na urefu wa inchi 12 kamili, na ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, imekwisha, na itayala meno ya gia mpaka nayo yaishe.

Kisha kabla ya kupaka rangi naita mtu mwingine atazame. Aliyeahidi na aliyetaabika haoni vizuri, maana macho yake yanataka kazi iishe.

Nina neno pia kwa wanaonunua vipuri mikononi mwa watu. Ulizeni vimetoka wapi. Gurudumu linalouzwa kwa bei ya kutupa saa moja usiku pengine jana lilikuwa la mtu, na leo mtu huyo anakwenda kazini kwa miguu. Mimi nina daftari. Kila kipuri kinachoingia uani kwangu naandika kimetoka kwa nani na lini. Ni tabia ya karani, lakini imeniokoa zaidi ya mara moja.

Mtataka kujua habari za yule kijana. Bega lilipona, na meno amewekewa. Kwa mwaka mzima hakufika kwangu. Kisha siku moja jioni alikuja, akaketi juu ya kile kigoda changu uani, akautazama uma niliokuwa nimeusafisha tayari kwa kupaka rangi. Aliuchukua, akaupeleka kwenye mwanga, akapitisha ukucha wa kidole gumba shingoni polepole, pande zote. Mimi nilikaa kimya na brashi mkononi. Akaurudisha mezani akasema, "Huu mzima, mjomba. Paka."

Tangu siku ile sipaki rangi mpaka yeye apitishe ukucha wake.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nawatakia safari njema. Kwaherini.