Bunduki za Kasongo na Mkataba wa Brussels

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa mgodi na watu wa mji)

Tumeombwa tuseme juu ya mashindano ya silaha na mapatano ya mataifa. Wengine hudhani hizo ni habari za Ulaya na Marekani tu. Sisi tunasema zilipita hapa hapa kwetu.

Tuanze na mwandishi wa gazeti. Mwaka 1876 Stanley alifika Nyangwe, ametumwa na gazeti la New York na gazeti la London. Akapatana na Hamed bin Muhammad, ndiye Tippu Tip, amsindikize njiani kwa dola 5,000. Jina hilo la Tippu Tip, kwa maelezo ya mwenyewe, ni mlio wa bunduki zake. Basi kalamu na bunduki zikasafiri pamoja. Mwaka 1879 Stanley akarudi Kongo, safari hii mtumishi wa Mfalme Leopold II, kazi yake kufungua vituo na kuwatilisha machifu sahihi. Watu wakamwita Bula Matari, mvunja mawe, na jina likahamia kwa serikali nzima. Ninyi mnaovunja mawe kila siku ndio mtakaosema kama jina lilimfaa.

Mwaka 1887, huko Unguja, wawili hao wakatia sahihi tena: Tippu Tip awe liwali wa Leopold penye maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Liwali ana bunduki nyingi kuliko bwana wake! Mapatano ya namna hiyo hudumu mpaka siku mmoja anapojiona ametosha nguvu.

Sasa sikilizeni habari ya Brussels. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya, pamoja na Marekani, Uturuki, Uajemi na Sultani wa Unguja, yalifanya mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Neno hilo lilikuwa la haki, wala tusijidanganye: misafara ya Kasongo iliteka watu na kuchoma vijiji, na pembe za ndovu zilikwenda pwani mabegani mwa watumwa. Lakini ndani ya mkataba mlikuwa na vifungu vya silaha. Tangu digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini, bunduki za kisasa na risasi zake zisiingie ila kwa mkono wa serikali. Gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa, serikali ikipenda. Yaani mwenyeji abaki na gumegume, askari wa Leta awe na bunduki ya kisasa na mzinga wa Krupp. Tena tamko lililofuatana na mkataba lilimruhusu Leopold kutoza ushuru wa bidhaa ziingiazo, hadi 10 kwa 100, jambo lililokatazwa Berlin mwaka 1885. Sisi makarani tumezoea daftari: tukiona ukurasa wa huruma, tunafungua na ukurasa wa ushuru.

Vita vilipozuka 1892, Leta ilikuwa na wakili wake hapa Kasongo, Lippens, na msaidizi wake De Bruyne. Sefu, mwana wa Tippu Tip, akawafanya mateka. Alitaka Ngongo Lutete, aliyemwacha na kujiunga na Wabelgiji, atiwe mkononi mwake. Novemba De Bruyne akaletwa ukingoni mwa mto Lomami aseme na maofisa wenzake ng'ambo. Wakamtaka ajitupe majini, nao wamlinde kwa bunduki. Akakataa, kwa kuwa Lippens alibaki Kasongo mgonjwa. Desemba wote wawili wakauawa. Huyo ndiye balozi wa vita vile: mateka asiye na kitu cha kutoa, anapaza sauti juu ya maji.

Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili, Kabambare Januari 1894. Ngongo Lutete mwenyewe alipigwa risasi na Wabelgiji, rafiki zake, Septemba 1893. Waliokufa wengi, huku na huku, walikuwa watu wa nchi hii, na hakuna mkutano uliowauliza neno.

Miaka ikapita, nchi ikatoa urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, na kwa sehemu kubwa ndiyo iliyotumika kwa mabomu ya Marekani ya Agosti 1945. Mwaka 1968 ukaja mkataba wa kuzuia bomu hilo lisienee: mataifa matano yabaki nalo, mengine yasiwe nalo, na wakubwa waliahidi kuzungumza juu ya kupunguza. Mnaona ni jamaa ya mkataba wa gumegume.

Kwetu Kabambare, dhahabu ya Namoya imeona bunduki za vikundi na bunduki za serikali. Upo Mkataba wa Kinshasa wa 30 Aprili 2010, ulioanza kutumika 8 Machi 2017, juu ya silaha ndogo katika Afrika ya Kati. Huu tunausifu kwa jambo moja: umeandikwa na nchi zenyewe, na unazibana serikali pia. Wajumbe wakija kukusanya silaha, wachimbaji na akina mama wa sokoni wakae mezani tangu siku ya kwanza, na daftari lisomwe mbele yao: bunduki ngapi zimetolewa, zilitoka kwa nani, zimewekwa wapi.