Kabla ya Kumpa Jembe

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni)

Masomo: Mithali 12:10, 2 Samweli 12:1-6

 

Leo nataka tuzungumze juu ya kiumbe mdogo ambaye huenda hamkutazamia kumsikia akitajwa katika mafundisho ya dini, yaani mtoto wa paka. Katika vitabu 66 vya Biblia yetu, paka wa nyumbani hatajwi hata mara moja. Lakini nyumba nyingi za Wakristo zina paka, na nyumba nyingine zitaletewa mmoja wiki hii. Jirani atasema, "Paka wangu amezaa, njoo uchukue mmoja." Au mtoto atarudi kutoka shuleni na kitu kinacholia ndani ya mkoba wake. Hapo baba na mama watalazimika kukata shauri. Tumpokee au tusimpokee? Na tukimpokea, tutamlea namna gani?

Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Lakini angalieni tunavyomtendea mgeni huyu mdogo. Yeye hapewi hata hizo siku mbili. Analetwa jioni, na usiku ule ule anafungiwa ghalani penye magunia ya mahindi, akiambiwa akamate panya. Tena ananyimwa chakula, kwa maana watu husema kwamba paka akishiba hawindi. Wapendwa, hilo si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwa sababu ndivyo Mungu alivyomwumba. Aliyedhoofika kwa njaa ndiye asiyeweza kumkimbiza panya. Na yule aliye mchanga kabisa, panya mkubwa anaweza kumwuma yeye!

Mithali 12:10 yatufundisha kwamba mtu mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Basi haki yetu haipimwi kanisani peke yake. Inapimwa pia zizini, na kando ya meko mahali paka anapolala.

Bwana Yesu alisema katika Luka 14 kwamba mtu anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama yake. Kabla ya kumwitikia jirani, keti na jamaa yako mhesabu pamoja.

Kwanza, hesabuni umri wake. Mtoto wa paka asiondolewe kwa mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Ni kweli kwamba huanza kuonja chakula akiwa na wiki 4 hivi, lakini bado anahitaji maziwa ya mama, na bado anajifunza kwake usafi na kucheza bila kuumiza. Ukimwambia jirani, "Nitamjia mwezi ujao," umefanya jambo la huruma.

Pili, hesabuni chakula chake. Akiwa mdogo ale kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Ugali mtupu hautamtosha, kwa maana paka ni mla nyama. Uchanganye na omena iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, au matumbo yaliyopikwa, au yai lililoiva. Wengi hufikiri maziwa ya ng'ombe ndiyo chakula chake hasa, lakini paka wengi huharisha wakiyanywa, na mdogo akiharisha sana hufa upesi. Mwekee maji safi kila siku.

Tatu, hesabuni afya yake, na yenu pia. Atahitaji dawa ya minyoo, na akifika miezi 3 atahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo unaitwa wa mbwa, lakini paka huupata pia, naye aweza kumwambukiza mtu kwa kumwuma au kumkwaruza. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Mwaka 2014 nchi yetu ilianza mpango wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huo kufikia mwaka 2030, na kila nyumba ina sehemu yake katika kazi hiyo. Mtoto akiumwa na paka, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Paka akiugua, msimpe vidonge vya watu. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli kinaweza kumwua. Mkitega sumu ya panya, kumbukeni kwamba paka akila panya aliyekula sumu, naye yumo hatarini. Na mama mjamzito asishike kinyesi cha paka, kwa maana chaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Kazi hiyo ifanywe na mwingine.

Nne, hesabuni uzazi wake. Paka jike aweza kushika mimba kabla ya kutimiza miezi 6, na huibeba kwa siku kama 65. Usipokata shauri mapema, mwaka hautakwisha kabla wewe nawe hujatafuta majirani wa kuwagawia. Wakikosekana majirani, ndipo watu hutia vitoto katika gunia, wakavitupa sokoni usiku au kando ya mto. Jumapili inayofuata watu hao wako kanisani wakiimba pamoja nasi. Daktari wa mifugo aweza kumfunga paka uzazi kabla hajaanza kuzaa. Ulizeni bei mapema. Kama haiwezekani, kumwambia jirani kweli, "Ndugu yangu, sitaweza," ni afadhali kuliko kumpokea kiumbe leo na kumtupa kesho. Ahadi ni deni, hata aliyeahidiwa asipoweza kusema.

Mtoto wenu akiahidi kwamba atamlisha yeye, mpeni kazi hiyo. Lakini siku atakayosahau, mzazi amlishe. Hivyo mtoto atajifunza kwamba katika nyumba hii neno likitoka halirudi.

Sasa tufungue 2 Samweli 12. Nabii Nathani alimweleza mfalme Daudi habari za watu wawili. Tajiri alikuwa na mifugo mingi sana. Maskini alikuwa na mwana-kondoo mmoja tu, aliyemnunua na kumlea pamoja na watoto wake. Alimgawia chakula chake kidogo, alimnywesha katika kikombe chake, na kumlaza kifuani kama binti yake. Mnajua tajiri alivyofanya alipopata mgeni. Lakini leo tumwangalie yule maskini. Nathani hasemi kwamba mwana-kondoo yule alikuwa na kazi. Alipendwa kwanza. Tajiri alipomtazama aliona nyama. Maskini alipomtazama aliona mmoja wa nyumbani. Naye Daudi aliposikia habari hiyo alimkasirikia sana tajiri, kwa sababu hakuwa na huruma.

Msikilizaji mpendwa, labda wewe huna paka wala hutaki kuwa naye. Hata hivyo neno hili linakuhusu. Katika nchi yetu kuna watoto wengi walioletwa mjini na jamaa zao kwa ahadi nzuri. Shangazi alikwenda nyumbani akasema, "Nipeni huyu, nitamsomesha." Msichana akafika jioni, na kulipopambazuka akapewa ndoo, ufagio na mtoto wa kubeba. Shule haikutajwa tena. Yeye naye alipewa jembe kabla ya siku mbili. Anakula baada ya wengine, analala karibu na meko, na hathubutu kulalamika. Ikiwa Mungu anauliza habari za mnyama wetu, je, hataniuliza mimi na wewe habari za mtoto huyo? Kama yumo nyumbani mwako, usingoje mwaka mpya. Mwite leo, umkumbushe ile ahadi, na uanze kuilipa.

Na sisi wenyewe, Mungu alitupokeaje? Warumi 5:8 yatuambia kwamba Kristo alitufia wakati tulipokuwa bado katika dhambi zetu. Hakungoja kwanza tumfanyie kazi. Alitupokea mikono yetu ikiwa mitupu, akatulisha, akatuosha, akatupa jina lake. Utumishi wetu ulikuja baadaye, kama shukrani. Aliyepokelewa hivyo na apokee wengine hivyo.

Tuombe.

Ee Baba yetu, wewe unawalisha ndege wa angani, wala kilio cha kiumbe yeyote hakikupiti. Utusamehe ahadi tulizowapa wanyonge tusizitimize. Utupe hekima ya kuhesabu gharama kabla ya kusema ndiyo, na uaminifu wa kudumu baada ya kusema. Wabariki wote walio wadogo katika nyumba zetu, wanaotutegemea na hawawezi kujisemea. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.